Tiki Moja Tu

Kibao cha kijani ndicho kilichonipeleka Jinja,
saa mbili asubuhi, viatu vimelowa umande wa uwanja wa ofisi,
faili kwapani, risiti za Mombasa zimekunjika kama sambusa.
Wanasema wenye kijani hupunguziwa. Wanasema.
Mimi hupeleka wagonjwa Nalufenya na maharusi Bugembe;
punguzo la shilingi ni shilingi.

Tenywa wa dirisha la tatu hakuniangalia mimi,
aliangalia karatasi.
"Mama Khemisa, hapa pana visanduku viwili.
Petroli. Umeme.
Tiki ni moja tu."

Nikamwambia: linakunywa vyote viwili.
"Lina waya wa kuchomeka ukutani?"
Halina.
"Basi halina kitovu," akasema,
na foleni yote nyuma yangu ikacheka.

Sikiliza, mwanangu.
Umeme wa gari hili hautoki kwenye bwawa hapo chini,
hauna nguzo, hauna Yaka ya kuniishia saa nne usiku.
Unatoka kwenye breki.
Kila ninaposita, linakula.
Kila mbuzi anayekatiza barabara ya Kamuli
ananiachia kijiko cha nuru.
Msongamano wa Njeru ni shamba langu.

Fundi mmoja wa betri, vidole vyeusi hadi kwenye kucha,
akaona hapo ndipo pa kuonyesha kipaji:

*Mshika mawili mama, moja litamponyoka,*
*Popo alipoegema, ndege walimtoroka,*
*Kwa wanyama akahama, mlango ukafungika,*
*Ndipo leo hana jema, kichwa chini kageuka.*

Wakampigia makofi.
Nikamwambia: popo hajawahi kunyimwa anga, ndugu yangu,
wala hadaiwi ada ya kibao.

Lakini lilinichoma.
Niliwahi kupewa karatasi kama hii, nikiwa msichana:
Kabila. Mstari mmoja, mfupi.
Mama Mnubi wa Bombo, baba Msamia wa mpakani.
Nikaandika la baba,
na siku tatu mama hakunipakulia,
alisukuma sufuria tu, akatazama dirisha.
Watu wana neno kwa sisi, chotara,
na neno hilohilo fundi wangu analiita gari langu,
kwa mapenzi, akiwa chini yake, tochi mdomoni.

Nikainama dirishani.
Wewe ni Tenywa. Waiswa wako yuko wapi?
Kalamu ikasimama.
"Masindi. Kwenye miwa."
Mlipozaliwa, mliandikiwa cheti kimoja?
"Viwili," akasema. Kisha, polepole,
kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni:
"Lakini shati la shule lilikuwa moja.
Yeye asubuhi, mimi mchana.
Mwalimu alidhani tuko mtoto mmoja mvivu."

Hakuna aliyecheka.
Nikadhani nimeshinda.

Akapiga tiki. Petroli.
"Penye bomba la moshi, mama, kijani hakuna.
Si mimi niliyeandika."
Akagonga muhuri bila hasira,
akanisukumia faili kwa mikono miwili,
kama mtu anayempa mkubwa wake chai.

Gari likaamka bila mlio.
Yule mwanamke wa Kijapani aliyemo ndani ya dashibodi
akaniambia neno lake la kila siku,
ambalo kwa miaka mitatu sijalielewa,
nami nikamwitikia kwa Kinubi.
Mlinzi wa geti hakusikia tukipita.
Kuku wawili tu ndio walijua.

Kwenye teremko la kuelekea darajani, mguu juu ya breki,
vipande vya kijani vikaanza kujaa kwenye kioo kidogo,
kimoja, kingine,
bila kumwomba mtu kibali.
Ng'ambo, Njeru, nikakata kushoto,
nikatia petroli ya elfu kumi.